Mipira Themanini na Mitano

Kocha Brandt alitoa muda mpaka Jumamosi jioni. Baada ya hapo, alisema, nafasi ya Corbin ingekwenda kwa mtoto mwingine, na watoto wengine walikuwa wengi mno, foleni yao inafika jimbo la pili. Aliyasema hayo kwenye simu kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, na Darla Tibbets, aliyekuwa amesimama mbele ya sinki, alijibu asante tu. Simu ilipokatika ndipo alipoona kwamba bomba lilikuwa linamwaga maji muda wote huo.

Ilikuwa Alhamisi. Corbin, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono wa kulia ambao mji mzima wa Harmon uliuzungumzia kwenye foleni ya benki na hata mazishini. Mpira wa besiboli ukitoka mkononi mwake, wavulana wa rika lake walikuwa wanapunga gongo ukiwa umeshapita. Alichezea timu ya mji, ile inayofundishwa bure na Gus Oberle, fundi wa mabasi ya shule, na yenye jina la duka la vifaa vya ujenzi mgongoni. Sasa Brandt alikuwa anamtaka. Timu ya Brandt haikuwa ya mji wowote. Ilikuwa timu ya kuzunguka: kila wikendi jimbo jingine, hoteli nyingine, viwanja vya nyasi za plastiki ambako wasaka vipaji wa vyuo hukaa nyuma ya waya na vidude vya kupimia kasi, kama askari wa barabarani. Ada ilikuwa dola elfu mbili na mia nane, mafuta na chakula mbali.

"Na akienda huko, kwa Gus ndo basi," alisema Lyle, mumewe, walipoketi kula. "Brandt hataki mtoto wa kuchanganya. Timu ni moja tu."

"Hizo elfu mbili na mia nane tunazitoa wapi? Shule imefunga, mimi sina mshahara mpaka Agosti."

"Tutauza boti."

"Boti ya baba yako?"

"Inakaa tu pale nyuma inaota majani." Lyle alikata kipande cha nyama, akakiacha kwenye sahani. Alikuwa dereva wa lori la gesi, na kiangazi watu hawawashi joto majumbani, kwa hiyo saa zake za kazi zilikuwa zimekatwa nusu. "Darla, yule mtoto wa kina Purdy alikuwa na mkono kama huu. Alibaki hapa hapa. Unajua yuko wapi sasa? Yuko na mimi kwenye lori, anavuta mipira ya kujazia gesi. Kila asubuhi nikimuona naogopa."

"Na mimi naogopa nikifikiria mkono wa mtoto. Huko wanarusha Ijumaa, wanarusha Jumamosi, wanarusha Jumapili. Nani anahesabu?"

"Mkono wa mtoto ndo huo wanaoutaka."

Waligeuka wote wawili kumtazama mwenye mkono. Corbin alikuwa anapanga njegere pembeni mwa sahani.

"Wewe mwenyewe unatakaje, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Popote tu."

"Popote siyo jibu."

"Kwa Brandt basi," alisema, akamtupia baba yake jicho kuona kama amepatia. Lyle alitabasamu. Darla aliona yote mawili, lile jicho na lile tabasamu, na hofu aliyokuwa nayo ikaongezeka bila yeye kujua aieleze vipi.

Kesho yake, Gus Oberle alikuja kugonga mlango wa nyuma, kofia mkononi. Harmon watu hawagongi. Husukuma mlango na kuulizia kahawa. Gus kugonga kulimfanya Darla aelewe kwamba habari zimeshafika.

"Sikuja kumzuia mtoto," alisema kabla hajakaa. "Nataka tu kujua. Mtoano unaanza wiki ijayo na mimi nina wachezaji tisa. Tisa kamili, pamoja na mjukuu wangu anayechuma maua uwanjani."

"Hatujaamua, Gus."

"Nikibaki na wanane ligi inatutoa. Hiyo ndo sheria, silaumu mtu. Ila hao wanane nitawaambia mwenyewe, na ningependa niwaambie mapema, siyo wavae sare halafu niwaambie." Alizungusha kofia. "Pat wangu nyumbani anapiga pasi sare zao kila Ijumaa. Hata soksi. Nimemwambia soksi hazipigwi pasi, hasikii."

Darla alicheka, halafu machozi yakamlengalenga, akageukia friji kutafuta maziwa ambayo Gus hakuyaomba. Miaka mitano alikuwa amekaa na mzee huyu uwanjani, yeye akiwa mhesabu mipira wa timu. Kila mrushaji wa ligi ya mji ana kikomo: kwa mwenye miaka kumi na miwili ni mipira themanini na mitano, basi. Mifupa ya mtoto bado laini, na ligi iliona vijana wengi wakipasuliwa viwiko ndipo ikaweka sheria. Mhesabu hukaa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya mpigaji, ana kidude cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba. Namba ikifika, ananyanyua mkono. Mwamuzi anasimamisha mchezo, mtoto anatoka, awe analia au anacheka. Hakuna kocha wala baba anayeweza kuupinga mkono huo, na Darla aliwahi kuunyanyua mbele ya mchungaji wake mwenyewe, ambaye mtoto wake alibakiza mpira mmoja ashinde.

"Mwambie Pat aendelee na pasi," alisema.

"Hilo ni jibu?"

"Sijui ni nini, Gus. Naogopa tu kote kote."

*

Jumamosi saa sita mchana jua lilikuwa limekaza. Benchi za bati zilikuwa haziketiki bila taulo. Darla alikuwa kibandani, na kulia kwake alikaa Bi Opal, mhesabu wa timu ya Wexler, wapinzani wa siku hiyo, bibi wa miaka sabini na kitu mwenye kofia ya majani na chupa ya chai ya barafu. Kila zamu ikiisha wahesabu wawili hulinganisha namba. Zikitofautiana, hufuatwa kitabu cha hesabu cha wenyeji, leo Harmon, na mkono hunyanyuliwa na mhesabu wao. Kwa miaka mitano Darla na Bi Opal walikuwa hawajawahi kutofautiana.

"Mwanao leo anarusha mawe," alisema Bi Opal.

"Ameamka vizuri."

"Angalia mjukuu wangu anavyofumba macho. Fumbua, Dusty! Mpira hauumi!" Kisha akanong'ona, "Unauma. Lakini nifanyeje?"

Wadogo wa wachezaji wa Harmon walikuwa wameng'ang'ania waya wa banda la timu, wanapiga kelele: "Anafukuza nzi! Mpeni fagio huyo!" Corbin alikuwa peke yake juu ya kichuguu cha mrushaji, katikati ya uwanja, anapangusa jasho kwa bega. Mchezo una zamu sita. Mwisho wa zamu ya nne, Darla na Bi Opal wote walikuwa na sitini na nane. Harmon walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, na Kocha Brandt alikuwa hajafika.

Alisema atafika zamu ya tano. "Kabla hatujasaini nataka nimuone akiwa amechoka," alimwambia Lyle. "Akiwa na nguvu zake kila mtoto ni hodari."

Zamu ya tano, mpira wa themanini. Darla aliisikia pikapu ya kifahari ikisaga changarawe kwenye maegesho, na papo hapo akasikia buti za Lyle nyuma ya kibanda.

"Yuko ngapi?"

"Themanini."

"Ndo kwanza anafunga mlango wa gari."

"Lyle."

"Sijasema kitu. Nasema tu jamaa ndo anashuka." Alikuwa ameshika ukingo wa mbao, na Darla aliona kucha zake zimekuwa nyeupe. "Mipira mitano, Darla. Ataona mitano halafu utamtoa mtoto mbele ya macho yake, na jioni nafasi inakwenda. Kidole ni chako. Mimi sijasema kitu."

Akaondoka kwenda kumpa Brandt mkono. Bi Opal alikuwa anamimina chai na hakusikia, au alisikia na akaamua kuwa hakusikia.

Corbin akarusha. Kidole gumba cha Darla kilikuwa juu ya kidude, na hakikubonyeza. Hakuwa ameamua lolote. Alijisemea kwamba amechelewa tu, atabonyeza mara mbili unaofuata. Unaofuata ukaja, ukapita. Ukapita wa tatu. Wa nne akabonyeza, kwa sababu Bi Opal aligeuka upande wake. Kichwani hesabu haikusimama hata mara moja. Miaka mitano inatosha kumfanya mtu ahesabu hata ngazi za kanisani.

Baada ya mpira wa tano, ambao nao hakuubonyeza, Corbin hakumgeukia mdakaji wake kama kawaida. Alitazama moja kwa moja kibandani. Alikaa hivyo kidogo, mpira ndani ya glavu, mpaka mwamuzi akamwita, "Twende, kijana." Darla aliinamia kitabu akajifanya anaandika. Mpira uliofuata ulimaliza zamu.

"Mimi nina themanini na sita," alisema Bi Opal. "Mwanao amekwisha, pole. Kazi nzuri ameifanya."

"Themanini na moja," alisema Darla.

"Eti?"

"Nina themanini na moja, Bi Opal."

Bibi alikisogeza kidude chake karibu na miwani, akakiweka mbali, akakisogeza tena. "Tumelingana mwisho wa zamu iliyopita. Mitano imetoka wapi?"

"Labda kidole kimebonyeza mara mbili. Na jua hili."

"Mara mbili, mara tano?"

Bi Opal alimtazama, na Darla aliziona fikra zikipita usoni pale: kwanza shaka, kisha uchungu, mwisho kitu kibaya kuliko vyote viwili, bibi wa watu akianza kujishuku mwenyewe.

"Macho yangu haya," alisema Bi Opal taratibu. "Binti yangu ananiambia kila siku niache kuendesha gari. Kitabu ni chako, mama. Andika." Akakirudisha kidude chake kwenye sifuri, akawa anabonyeza mpaka kikafika themanini na moja, akakiweka chini na hakukigusa tena.

Gus alikuja kwenye dirisha la kibanda, kofia imelowa jasho. "Tunayo mingapi?"

"Minne imebaki."

"Basi aanze, ikifika utaninyanyulia." Hakuuliza mara mbili. Angemuuliza mtu mwingine yeyote duniani mara mbili, lakini siyo yeye.

Zamu ya sita Brandt alisimama nyuma ya waya, hatua tatu tu kutoka kibandani, ameinua kidude chake cha kasi. Lyle alikuwa ubavuni pake, mikono mfukoni, anacheka vicheko ambavyo Darla alikuwa hajawahi kuvisikia nyumbani. "Maili sitini na nane," Brandt alisema. "Sitini na saba. Sitini na nane tena. Na amechoka huyu!" Kidole cha Darla kilibonyeza pale kilipoona aibu na kuacha pale kilipoogopa. Mpigaji wa mwisho alipopunga hewa, watoto wa Harmon walikimbilia katikati ya uwanja wakirukiana, na kitabu cha ligi kikawa na namba nzuri, halali, themanini na mitano.

Corbin hakuruka na wenzake. Alitembea kuelekea bandani, ameukunja mkono wa kulia kifuani.

*

Fomu zilisainiwa juu ya boneti ya gari la Brandt. Bati lilikuwa la moto, Lyle akaandika huku anainua kiwiko.

"Kianzio dola mia tano, hakirudishwi," alisema Brandt. Aliziangalia buti za Lyle, na pikapu yao yenye mlango wa rangi tofauti, kisha akachomoa karatasi nyingine ya njano. "Na hii ni ya msaada wa ada. Kwa familia kama zenu. Mnajaza kipato tu, na mwajiri anagonga muhuri."

Wazazi wawili wa timu yake waliokuja naye walijitia kuangalia simu.

"Hatuhitaji," Lyle alisema. Shingo yake ilikuwa imeiva. Akaandika hundi ya mia tano, ambayo Darla alijua fika kwamba haina pesa nyuma yake mpaka mtu aje aichukue boti.

Ng'ambo ya uwanja Gus alikuwa anakusanya magongo kwenye mfuko. Aliwaona. Alinyanyua mkono kuwapungia, akaendelea kukusanya. Darla alitamani Gus angewatukana.

*

Jumapili asubuhi Corbin alikuwa anakula nafaka na maziwa kwa mkono wa kushoto. Maziwa yalimdondoka kidevuni kila kijiko cha tatu.

"Mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya."

"Hebu unyooshe nikuone."

Aliunyoosha mpaka ukabaki kidogo uwe umenyooka, akauacha hapo, akatabasamu kama vile hapo ndipo mikono ya watu inapoishia. Darla alimgusa upande wa ndani wa kiwiko. Mtoto hakupiga kelele, alivuta pumzi tu.

"Lyle! Leo haendi popote."

Lyle aliingia na povu la kunyolea shavuni. "Uchovu huo. Kila mrushaji anaamka hivyo. Barafu dakika ishirini, tuondoke. Ndo siku ya kwanza, Darla, tutaanza kwa udhuru?"

"Sheria inasema apumzike siku nne."

"Sheria ya mechi. Haya ni mazoezi." Kisha kwa sauti ya chini, akimkazia macho, "Na wewe unataka leo tuanze kuongelea sheria?"

Darla alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa namba, na hiyo namba hakuna aliyekuwa nayo ila yeye. Akatia barafu kwenye mfuko, akauzungushia taulo.

Uwanja wa ndani wa Brandt ulikuwa ghala kubwa lenye taa nyeupe, mwendo wa saa nzima kutoka Harmon. Wazazi walikaa kwenye viti vya kukunja vya rangi moja, vyenye majina ya watoto wao. Lyle na Darla walisimama. Kijana wa mapokezi aliwapa karatasi ya afya, na Darla akajaza: hana mzio, hana pumu. Mwisho kulikuwa na kisanduku: mipira iliyorushwa siku saba zilizopita. Kalamu ilikaa juu ya kisanduku kile mpaka kijana akaona haya kwa niaba yake.

"Hiyo hata ukiacha wazi, mama. Hakuna anayeisoma."

Akaandika themanini na tano.

Corbin alirusha kumi. Darla alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. Wa kumi na moja haukwenda kwa mdakaji. Uliruka pembeni, ukagonga ukuta wa bati kwa kishindo. Corbin alikuwa amepiga magoti. Hakulia. Alikuwa anautazama tena na tena ule mkono, kama vile ni wa mtu mwingine, na midomo yake ilikuwa imepauka.

Darla hakukumbuka alifikaje pale. Alikumbuka sauti ya Brandt tu, bado ya upole. "Mpelekeni aonwe. Tutaongea." Na alipogeuka akamsikia akimwita mwingine kwa jina aje kurusha.

*

Ujumbe wa Brandt uliwakuta Jumatatu, kliniki, kwenye viti vya kusubiri. Lyle aliusoma, akampa Darla simu. Nafasi imejazwa kwa msimu huu. Wanamtakia Corbin nafuu. Kianzio, kama walivyosaini, hakirudishwi, lakini mwakani mlango uko wazi.

"Basi atarudi kwa Gus," alisema Lyle. Alikuwa hajalala, na ile sauti ya Jumamosi ilikuwa imemwisha. "Wiki moja, mbili, akipata nafuu. Gus hatakataa. Si ndiyo, bingwa?"

"Ndiyo," alisema Corbin. Mkono ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, unaning'inia shingoni.

Daktari Menon alikuwa mwanamke mfupi wa haraka haraka. Aliweka picha ya mfupa kwenye mwanga, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hapa ndipo mfupa wake unapokulia. Ona, huku ni mfupa, huku ni mfupa, na hapa katikati pamevutwa. Pameachana."

"Itachukua muda gani?" Lyle aliuliza. "Kuna mtoano."

"Bwana Tibbets, hakuna mtoano. Hakuna timu yoyote, ya mji wala ya nje ya mji. Miezi mitatu hata jiwe la kutupia bata asirushe. Baada ya hapo tutapiga picha tena, na tuombe pawe pamejifunga. Pasipojifunga, ni kupasua na kutia skrubu."

Darla alisikia neno skrubu likiingia, likakaa. Alimtazama mwanawe ambaye bado alikuwa na soksi zenye picha za papa, na hofu yote aliyoibeba tangu Alhamisi, ya huku na ya kule, ikakutana sehemu moja.

"Kitu kimoja sikielewi." Daktari alivuta jalada. "Jumamosi alirusha mingapi?"

"Themanini na mitano," Lyle alijibu papo hapo. "Iko kwenye kitabu cha ligi. Mama yake ndiye mhesabu."

"Siku nyingine za wiki iliyopita?"

"Hakuna. Jana kumi na mmoja tu."

Daktari Menon aliiangalia picha tena, na safari hii hakuharakisha. "Hilo linanitia wasiwasi zaidi. Mfupa wa mtoto anayepumzika vizuri haupaswi kuachana hivi kwa mipira themanini na mitano. Kama ni hiyo kweli, basi mfupa wenyewe huenda una tatizo, na itabidi nimtume mjini wakamchunguze damu, wamtoe kipande cha mfupa wakipime. Sipendi kumfanyia mtoto hivyo bila sababu. Mna hakika na namba?"

"Hakika," alisema Lyle, lakini alilisema polepole, na macho yake yakaenda kwa mkewe.

Darla alifungua mdomo. Alitaka kusema, Mungu ni shahidi alitaka, lakini mtoto alimtangulia.

"Tisini na sita," Corbin alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa anaongea na magoti yake.

"Huwa nahesabu. Kila mechi. Kiwiko kilianza kuuma zamu ya tatu, nikasema siyo kitu, mama atanyanyua mkono. Ilipofika themanini na tano nikamtazama."

"Kwa nini hukusema?" Sauti ya Lyle ilipasuka. "Kwa nini hukuniambia mimi, Corbin?"

"Ulikuwa na Brandt. Ulikuwa unacheka." Alimeza mate. "Nilidhani sina haja ya kusema. Nilidhani hajaniona, nikamngoja zamu iliyofuata. Kila nikirusha nasema sasa. Sasa atanyanyua."

Daktari hakumtazama mtu. Aliinama akaandika tisini na sita kwenye jalada, kwa tarakimu kubwa.

"Tisini na saba," Darla alisema.

Kalamu ilisimama. Corbin alinyanyua uso, na mama yake alimtazama yeye, siyo daktari wala Lyle, kwa sababu yeye ndiye aliyestahili kuambiwa.

"Kuna mmoja umeusahau. Ule wa zamu ya sita ulioparuza gongo ukaenda juu ya paa la kibanda, mwamuzi akakupa mpira mwingine. Na huo ulihesabika, mwanangu. Ilikuwa tisini na saba."